Kidonda Kisichopona: Namna ya Kuikagua Ngozi na Kuwahi Matibabu

Kama una kidonda, uvimbe au baka kwenye ngozi na wiki nne zimepita bila kupona, mwongozo huu ni wako. Kama wewe ni mzazi, mlezi au mwalimu wa mtoto mwenye ualbino, ni wako pia, hata kama ngozi ya mtoto huyo leo ni safi.

Umeandikwa kwa kumfikiria msomaji wa Ushirombo na vijiji vya Wilaya ya Bukombe, pamoja na majirani wa Mbogwe, Kahama, Chato na Geita. Huku tuko nyuzi tatu na nusu tu kusini ya Ikweta, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,000. Jua ni kali mwaka mzima, na kazi zetu nyingi hufanyika chini yake: kulima mahindi, mpunga na pamba, kuchunga ng'ombe, kuponda mawe ya dhahabu, kuuza bidhaa kandokando ya barabara kuu. Katika Kanda hii ya Ziwa wanaishi ndugu zetu wengi wenye ualbino, na jua hilo huwadhuru kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi hospitalini hapo. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 30. Muda wa kati waliokaa na ugonjwa kabla ya kufika ulikuwa miezi 24, na sababu kubwa ya kuchelewa ilikuwa fedha. Zaidi ya theluthi mbili yao waliugua kichwani na shingoni. Huko Ulaya saratani hizi huwapata zaidi wazee. Huku kwetu zinachukua vijana wenye watoto wadogo.

Shika jambo moja tangu mwanzo: saratani ya ngozi haina sura moja. Hubadilika kulingana na mtu aliyeipata na mahali ilipoota mwilini. Ndiyo maana kidonda cha jirani yako kilichopona kwa dawa ya kupaka hakiwezi kuwa kipimo cha kidonda chako.

Zijue aina tatu kwa tabia zake

Ya kwanza ni saratani ya seli za msingi, zile zilizo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Hukua polepole, kwa miezi na hata miaka. Ni nadra sana kusambaa kwenda mapafuni au kwenye ini, na kwa sababu hiyo watu huizoea. Lakini hapo ilipo haiachi kula: huanza na ngozi, ikaingia kwenye gegedu la pua, ikafika hadi mfupa. Huja kwa sura kadhaa. Mara nyingi ni kijiuvimbe laini chenye kung'aa, chenye vimishipa vidogo vya damu juu yake, ambacho baadaye hutumbuka katikati na kubaki na kingo zilizoinuka. Wakati mwingine ni baka jekundu lenye magamba. Wakati mwingine ni sehemu ngumu iliyopauka inayofanana na kovu, ingawa mwenyewe hakumbuki kuumia hapo. Sura hii ya mwisho ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu mizizi yake huenda mbali kuliko jicho linavyoona.

Ya pili ni saratani ya seli bapa, ambayo hutokana na seli zilizo juu zaidi. Hii ndiyo inayowapata zaidi watu wenye ualbino hapa Afrika. Katika taarifa ile ya Bugando ilikuwa robo tatu ya wagonjwa wote. Huanza kama gamba gumu linalokwaruza kidole, au kinyama chenye ukoko, kisha huwa kidonda chenye kutoa damu na harufu. Hukua kwa wiki na miezi, na yenyewe huweza kusambaa kwenye tezi za shingo, kwapa au kinena.

Ya tatu ni melanoma, inayotokana na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ni chache kuliko hizo mbili, lakini ni kali na husambaa mapema.

Kwa macho tu, hata daktari mzoefu anaweza kuchanganya aina hizi. Jibu la uhakika hutolewa na kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye kidonda na kupimwa maabara.

Jiulize kwanza: ngozi hii ni ya nani?

*Mtu mwenye ualbino.* Ngozi yake ina melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, kidogo mno au haina kabisa, hivyo haina kinga ya asili dhidi ya jua. Madhara huanza utotoni: ngozi huungua, hukakamaa, midomo hupasuka, na vigamba huota mikononi na usoni. Vigamba hivyo vya kukwaruza ni hatua ya kabla ya saratani, na ndicho kipindi kizuri kuliko vyote cha kutibiwa, kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa dawa maalumu ya kupaka. Wengi pia wana madoa ya kahawia, bapa na laini. Hayo peke yake si ugonjwa. Kinachotakiwa kukushtua ni kitu kinachokwaruza, kinachoinuka, kinachotoa damu au kisichopona. Kumbuka pia kwamba mtu mwenye ualbino anaweza kuwa na vidonda viwili au vitatu vya aina tofauti kwa wakati mmoja, hivyo jibu la kimoja lisichukuliwe kuwa jibu la vyote.

*Mtu mwenye ngozi nyeusi.* Saratani ya seli za msingi ni adimu kwake, lakini ipo, na ikija huwa na rangi: kijiuvimbe cheusi au cha kahawia iliyoiva, kinachong'aa, ambacho wengi hukidhania kuwa sunzua au alama ya kuzaliwa. Saratani ya seli bapa kwake hutokea mara nyingi mahali ambapo jua si tatizo, yaani kwenye makovu ya moto na vidonda vilivyokaa miaka. Melanoma humjia zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha.

*Mtu anayeishi na VVU.* Kinga ikishuka, saratani za ngozi hukua haraka zaidi. Mabaka ya zambarau au meusi miguuni, mdomoni au usoni yanaweza kuwa saratani ya Kaposi. Kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho nacho kisipuuzwe. Mwambie mhudumu wa kliniki yako ya dawa katika hudhurio linalofuata. Kama kinakua, usisubiri tarehe.

*Mchimbaji na mkazi wa jirani na machimbo.* Miamba ya dhahabu ya Geita na maeneo jirani huweza kubeba arseniki, sumu isiyo na rangi wala ladha. Watafiti wameikuta katika baadhi ya vyanzo vya maji vya ukanda huu wa dhahabu kwa kiwango kinachozidi kile cha Shirika la Afya Duniani, maikrogramu 10 kwa lita. Anayeinywa kwa miaka mingi hupata madoadoa meusi na meupe kifuani na mgongoni, na vipele vigumu kwenye viganja na nyayo. Baadaye huweza kupata saratani ya seli bapa au ya seli za msingi, mara nyingi zaidi ya moja, hata sehemu zilizofunikwa na nguo.

*Mtoto anayeungua na jua kupita kiasi ingawa hana ualbino.* Mtoto anayejaa madoa usoni tangu akiwa mdogo sana na kuumizwa macho na mwanga anaweza kuwa na tatizo la kurithi ambalo huzuia ngozi kujitengeneza baada ya kuunguzwa na jua. Apelekwe kwa daktari wa ngozi mapema iwezekanavyo.

Kisha tazama: kiko wapi?

*Pua, pembe za macho, masikio na kuzunguka mdomo.* Hapa ndipo saratani ya seli za msingi hupenda kuota, pua ikiongoza. Ngozi ni nyembamba, gegedu na mfupa viko karibu, na ugonjwa huweza kupenya ndani huku juu ukionekana mdogo. Ndiyo sehemu ambayo saratani hurudi zaidi baada ya upasuaji. Kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi kwenye pembe ya jicho ni cha haraka kuliko baka pana la mgongoni.

*Mdomo wa chini.* Umeelekea juu, hivyo hupokea jua zaidi ya mdomo wa juu. Mpasuko usiofunga au gamba linalorudi kila likibanduka ni dalili ya kuhofia saratani ya seli bapa. Papasa chini ya taya: tezi ngumu isiyouma ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo.

*Kisogo, nyuma ya masikio na mabega.* Mtu anapoinama na jembe, jua humpiga shingoni kwa nyuma. Mwenyewe hawezi kuona huko, na kofia ya kepu haikufuniki.

*Kifua na mgongo.* Hapa saratani ya seli za msingi huja kama baka jekundu lenye magamba, likipanuka taratibu. Watu hulichukulia kuwa mba au choa, wakanunua dawa ya fangasi duka la dawa mwezi baada ya mwezi. Kanuni ni rahisi: umepaka dawa ya fangasi wiki nne kama ulivyoelekezwa na baka halijabadilika, acha kununua tyubu nyingine, nenda ukapimwe.

*Mikono, hasa nyuma ya viganja.* Ni makazi ya vigamba vya kabla ya saratani. Ukivihesabu leo vitano na mwezi ujao saba, peleka taarifa hiyo kliniki.

*Viganja na nyayo.* Sugu za jembe au sururu huota pale mpini unapokandamiza, na hupungua ukipumzika kazi. Vipele vigumu vilivyotawanyika viganja vyote viwili na nyayo zote mbili, bila kufuata mpini, viulizie kuhusu arseniki. Doa jeusi linalopanuka kwenye unyayo, au mstari mweusi chini ya kucha moja tu unaozidi kuwa mpana, uchunguzwe kama melanoma.

*Miguu.* Kovu la moto la zamani au kidonda ndugu kilichokaa miaka kikianza kuota nyama kingoni, kutoa harufu mpya au kuuma tofauti na zamani, inawezekana kimegeuka kuwa saratani. Kusafishwa na kufungwa bandeji peke yake hakutoshi tena. Kingo zake zinatakiwa kukatwa kipande na kupimwa.

Ukaguzi wa kila mwezi

Chagua siku moja inayokumbukwa kirahisi, kwa mfano Jumapili ya kwanza ya mwezi. Fanya hivi:

1. Kaa mahali penye mwanga wa kutosha lakini kivulini, asubuhi.
2. Mtu wa pili akukague. Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na hakuna anayeuona mgongo wake mwenyewe. Mke, mume, dada au rafiki wa kuaminika afanye kazi hiyo.
3. Anzeni kichwani kati ya nywele, kisha uso, masikio mbele na nyuma, midomo, shingo, mabega, mikono, kifua, mgongo, miguu, nyayo na katikati ya vidole.
4. Msitazame tu, pitisheni kidole. Gamba la kabla ya saratani huhisiwa kabla halijaonekana.
5. Andikeni kwenye daftari: kiko wapi, kina upana gani, kinatoa damu au la. Kama kuna simu, pigeni picha na kuweka sarafu kando yake ili mwezi ujao mlinganishe ukubwa.

Kisichopona ndani ya wiki nne, kinachokua, kinachotoa damu bila kuguswa, au kinachopona na kurudi palepale, kipelekwe kwa mtaalamu.

Ukishakiona, fanya nini

Usipake unga wa mizizi, majivu wala maji ya betri. Dawa za kuchoma hufunga ngozi kwa juu na kuacha ugonjwa ukiendelea chini, na daktari atakayekuja kukukata atalazimika kukata sehemu kubwa zaidi.

Anza zahanati au kituo cha afya, au nenda moja kwa moja Hospitali ya Wilaya ya Bukombe hapo Ushirombo. Omba kuandikiwa rufaa kama kipimo cha kipande cha nyama hakiwezi kufanyika. Hatua inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Geita au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato. Kwa upasuaji mgumu wa uso na kwa tiba ya mionzi, safari ni Bugando. Kwa wanaopitia Geita na Sengerema, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kusubiri kivuko, na safari imekuwa fupi.

Kuhusu fedha, usikae nyumbani ukingoja mavuno. Hospitali za serikali zina ofisa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni kuwasikiliza wasioweza kulipa. Chukua barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali yako, ulizia msamaha wa matibabu kabla ya kutibiwa, na kama una bima ya afya beba kadi. Viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino katika wilaya na mkoa nao hujua ratiba za kliniki za ngozi zinazozunguka, waulize.

Kuna hofu nyingine ambayo lazima isemwe. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoikumba Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2006, yalifanya familia ziwafiche watoto ndani. Hofu hiyo ina msingi, na kumlinda mtoto ni wajibu. Lakini mtoto aliyefichwa asione daktari anaweza kuuawa na saratani. Safirini wawili au zaidi, mchana, mtendaji na ndugu mnaowaamini wakijua mnakokwenda na saa ya kurudi.

Maswali ya kumwuliza daktari

Una haki ya kuelewa. Uliza: Je, kipande kimekatwa kwa ajili ya kupimwa, na majibu yatatoka lini? Majibu yanasema ni aina gani? Kilipoondolewa, kingo zimeonekana kuwa safi, au bado kuna ugonjwa uliobaki? Je, tezi zimepapaswa? Nirudi lini?

Saratani ndogo ya seli za msingi huondolewa kwa upasuaji mdogo, ganzi ikichomwa hapohapo, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo. Daktari hukata pia ukingo wa ngozi nzima inayozunguka, wa milimita chache, ili asiache mizizi. Usishangae kovu likiwa kubwa kuliko kidonda. Iliyo kubwa, au iliyo karibu na jicho au pua, huhitaji upasuaji mpana na pengine kipandikizi cha ngozi. Mionzi hutumika pale upasuaji haufai au haukutosha.

Tunza karatasi ya majibu kama unavyotunza hati ya kiwanja. Na urudi tarehe uliyopewa. Katika taarifa ile ya Bugando, wagonjwa wengi hawakuonekana tena baada ya matibabu, wakati aliyepata saratani moja ya ngozi yuko katika hatari ya kupata nyingine. Mtu mwenye ualbino akaguliwe na mtaalamu angalau kila miezi sita, na aliyewahi kupata saratani arudi mara nyingi zaidi, kama daktari atakavyopanga.

Kuzuia ni kazi ya kila siku

Kivuli na nguo ndiyo kinga ya kwanza, losheni hufuata. Epuka jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kadiri kazi inavyoruhusu; shamba lilimwe alfajiri na jioni. Vaa kofia yenye ukingo mpana pande zote, inayofunika masikio na kisogo. Vaa mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana: kiinue kuelekea mwanga, na kama unauona mwanga ukipenya, jua nalo litapenya. Mawingu yasikudanganye, kwani mionzi inayounguza hupita hata siku jua lisipoonekana.

Losheni iwe na kinga ya SPF 30 au zaidi. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili inayofunika vidole viwili kwa urefu wake. Chini ya hapo haitoshi. Paka dakika 20 kabla ya kutoka, usisahau masikio, midomo na mgongo wa mikono, na urudie kila baada ya saa mbili au baada ya kutoka jasho. Losheni si ruhusa ya kukaa juani. Mtoto aliye chini ya miezi sita afunikwe na kuwekwa kivulini.

Mwalimu, mruhusu mwanafunzi mwenye ualbino avae kofia na mikono mirefu hata kama sare haisemi hivyo, mkalishe mbele karibu na ubao, na usimpe adhabu wala kazi ya bustani mchana. Unayemwajiri kijana mwenye ualbino kwenye machimbo, mpe kazi ya ndani: kuandika, kupima mzigo, kutunza stoo.

Kwa wanaoishi jirani na maduara (mashimo ya dhahabu), karasha (mashine za kusaga mawe) na marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa): msinywe maji ya mashimo ya machimbo. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi arseniki. Maji yakipungua, sumu inayobaki huwa kali zaidi. Kamati za maji za vijiji ziwaombe RUWASA, wakala wa maji vijijini, kupima arseniki kisimani, na ziombe majibu kwa maandishi.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi mkague mtu mmoja wa nyumbani kwako, naye akukague wewe. Mkikuta kitu kilichozidi wiki nne, siku hiyohiyo nendeni hospitali. Saratani hii ikiwa ndogo huondolewa kwa siku moja. Ikiachwa miaka miwili, hata daktari bingwa anaweza kushindwa kuiokoa sura ya mgonjwa, au uhai wake.